Mgongo usioguswa, mjukuu asiyengoja

Umande bado umekalia majani chai, na Wawira Gachoki anafunga mzigo mgongoni namna mama anavyofunga mtoto. Anainama mpaka mgongo unalala sawa, anavuta leso juu, anaipitisha chini ya makwapa na kukaza fundo kifuani. Kisha anapeleka mkono nyuma na kupapasa taratibu, kuhakikisha aliyebebwa amekaa vizuri.

Aliyebebwa ni mahindi. Kilo tano za mahindi makavu, yametiwa kwenye mfuko na mdomo wake kushonwa kwa sindano ya magunia.

Anaanza kupanda kati ya mistari ya michai kuelekea ua wa juu, ambako shamba linakaribia msitu wa mlima. Mwanzoni anatembea kama mtu mwenye safari zake. Karibu na mti wa kwanza wa mgrevilea anasimama ghafla, anafumba macho, anavuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo polepole kama anayepoza uji. Mkono wa kushoto unakimbilia fundo la leso. Anaukamata kwa mkono wa kulia na kuurudisha chini.

"Inakuja," anasema. "Ngoja kwanza, usiniongeleshe."

Inakuja, inapita, naye anaendelea. Uso umelowa jasho, ilhali asubuhi ya Agosti huku juu ya Kianjokoma, Kaunti ya Embu, ni ya kuvaa sweta mbili.

Mtu asiyejua angesema mama huyu amechanganyikiwa, na wapo waliosema. Majirani walipomwona mara ya kwanza akipita na mfuko mgongoni huku akiubembeleza, walitazamana. Jirani yake Kathambi, ambaye ulimi wake haujui likizo, ndiye aliyethubutu kuuliza mtoto huyo ananyonya saa ngapi.

"Nilimwambia huyu hanyonyi, anasagwa," Wawira anasema na kucheka kidogo. Anapocheka anashika ubavu wa kushoto bila kuugusa, mkono ukielea hewani karibu na sweta.

Wawira ana umri wa miaka sitini na moja, na amechuna majani chai tangu alipoolewa na Mzee Gachoki. Jumamosi hii mwana wao Munyi, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Siakago, anawaletea mjukuu. Jina la mjukuu huyo pia ni Wawira.

Hapo ndipo penye kazi. Binti wa kwanza wa mwana huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, na katika nyumba ya kina Gachoki jina halikabidhiwi kwa mdomo tu. Nyanya humfunga mtoto mgongoni akazunguka naye shamba zima akimwonyesha: hii ni migomba yako, huyu ni ng'ombe wako, hapa ndipo tunapochota maji. Mama mkwe wa Wawira alimbeba hivyo binti yao mkubwa, wala hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Wawira mdogo ana miezi kumi na mmoja. Ameanza kusimama akishikilia viti, na hajawahi kukaa hata mara moja kwenye mgongo wa mwenye jina lake.

"Ataanza kutembea," nyanya anasema, na sauti inashuka. "Mtoto akishajua miguu yake, mgongo wa mtu hautaki tena. Atanikimbia. Mimi nitabaki nikimwonyesha migomba kwa kidole kama mgeni."

Kinachomzuia ni ngozi.

Kuanzia uti wa mgongo, upande wa kushoto, ukanda wa upana wa kiganja unazunguka mbavu mpaka chini ya titi. Ukiutazama huoni cha kutisha, ni makovu madogo meupe tu. Lakini haugusiki. Sindiria haivaliki. Upepo ukiingia chini ya blauzi, anashtuka. Maji ya kuoga, hata yakiwa vuguvugu, huyamimina kwa kikombe upande mmoja huku akiukwepa ule mwingine. Na leso ya kumbebea mtoto hupita papo hapo, mbele na nyuma.

"Kuna siku ni kama umewekewa kaa la moto," anaeleza. "Siku zingine ni kama kushika waya wa stima. Inapiga, inaondoka, inakuacha ukingoja nyingine. Hiyo ya kungoja ndiyo mbaya. Afadhali iume tu nijue inauma."

Yote yalianza mwaka jana, mvua ndefu zikinyesha. Ubavu ulimwasha, ukachoma, kisha malengelenge yakajitokeza kwa mstari. Gachoki aliyamulika kwa tochi ya simu. Wote wawili walijua jina la ugonjwa huo: mkanda wa jeshi.

Daktari atakueleza kwamba huo ni ugonjwa wa virusi vilevile vya tetekuwanga, ambavyo hujificha kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni na kuamka mwili unapozeeka au kuchoka. Yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuupata. Lakini vijijini jina hilo lilishika maana nyingine miaka ile UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu, na maana hiyo bado iko vichwani. Ukisema una mkanda wa jeshi, watu hawakuulizi unaumwa wapi. Wanaanza kukumbuka mumeo aliwahi kufanya kazi miji gani.

Gachoki aliwahi kufanya kazi Nairobi miaka mingi.

"Akaniambia, tuseme ni uji," Wawira anakumbuka. "Uji wa moto umenimwagikia."

Basi ukawa uji. Ndivyo alivyoambiwa Kathambi, ndivyo walivyoambiwa akina mama wa kanisa, ndivyo alivyoambiwa Munyi kwa simu. Gachoki alimpaka dawa ya meno juu ya malengelenge, kama wanavyopakwa watu walioungua, ili ionekane kweli. Kwenye zahanati hawakukanyaga, kwa kuwa muuguzi wa pale ni binti wa jirani.

Malengelenge yakakauka, maumivu yakabaki. Alipojikokota hatimaye mpaka hospitali moja mjini Embu, miezi ilikuwa imekwenda. Aliambiwa kwamba dawa ya kupunguza makali ya virusi hivyo hufaa zaidi ikimezwa siku za mwanzo kabisa, vipele vinapochipuka. Siku hizo yeye alikuwa jikoni akiwaeleza wageni jinsi sufuria ilivyoteleza.

Alipimwa na damu pia, kipimo kile walichokuwa wakikikimbia. Hakukutwa na virusi vya UKIMWI. Yeye na mumewe walirudi nyumbani na jibu hilo. Wangeweza kusema kweli tangu siku ya kwanza na wasipungukiwe na lolote, lakini uongo wa uji ulikuwa umeshakomaa, na hakuna aliyejua aanzie wapi kuufuta.

Kazi nayo haikungoja apone. Kikapu cha mchunaji hushikiliwa na mikanda miwili ya mabegani na kuegemea mgongoni, palepale. Wiki za mwanzo alivumilia akiuma meno mpaka taya zikamuuma. Kisha akakumbuka mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao mama yake alibebea kuni, unaopitishwa juu ya paji la uso. Akautundikia kikapu, kikashuka na kulalia kiunoni, mbali na mbavu.

Vijana wachunaji walimcheka. Siku hizi hata ajuza hataki mukwa, kwa sababu unaacha alama kichwani. Wawira alicheka nao akaendelea kuchuna. Ndani ya blauzi alijivika kipande cha nailoni alichokata kwenye aproni ya kujikinga na umande, maana nailoni iliyotulia humsumbua kidogo kuliko kitambaa kinachosugua. Zamani alizoea kupima kilo thelathini kwa siku pale kituo cha majani. Sasa akifika kumi na tano anashukuru.

"Kikapu nilikipatia dawa," anasema. "Lakini mtoto si kuni. Huwezi kumtundika kichwani."

Mara ya kwanza mjukuu alipoletwa ilikuwa Desemba. Mamake, Winrose, ni msichana wa Nkubu kule Meru, na yeye na mama mkwe huongea Kiswahili, kwa sababu Kimeru cha mmoja na Kiembu cha mwingine hukutana nusu ya njia. Siku hiyo Winrose alikuwa amenunua leso mpya kwa ajili ya shughuli. Akaitandaza begani, akamnyooshea mama mkwe mtoto.

Wawira alimpokea mikononi, akambusu, akaketi naye. Shangazi wawili walikuwa wameshafika mlangoni wakingoja msafara wa shamba uanze. Gachoki akakohoa. "Nitambeba jioni," Wawira akasema. Jioni akasema kuna baridi. Asubuhi yake akasema bega limeshikwa. Mwisho shangazi mmoja akamtwaa mtoto na kumzungusha yeye. Watu walikula wakaaga vizuri, na hakuna aliyetamka neno, maana ile ni nyumba ya adabu.

Winrose alirudi Siakago na lake moyoni.

"Nilijiuliza nimekosea wapi," anasimulia. "Ni kwa sababu mimi ni Mmeru? Ama mtoto ana shida gani? Mimi huyu mtoto nikimkaripia naona kama nimemkaripia mama mkwe, kwa sababu ni jina lake. Halafu mwenye jina mwenyewe hamtaki. Nililia siku hiyo, hata Munyi hajui."

Kule mlimani, Wawira alikuwa akipambana kimyakimya. Daktari alikuwa amemwandikia kidonge cha usiku, aina ambayo zamani ilikuwa ya watu wenye huzuni nzito na sasa hutuliza neva pia. Kilimletea usingizi na kukausha kinywa mpaka ugali ukakataa kushuka. Baadaye akaongezewa vidonge vingine vya neva, vya kumeza asubuhi na usiku, kwa dozi iliyopandishwa kidogo kidogo. Vilipunguza stima. Kaa la moto likabaki.

Duka la dawa la hospitali likiishiwa, hulazimika kuvinunua mjini, zaidi ya shilingi elfu mbili kwa mwezi. Fedha hizo zinamuuma, lakini kinachomtisha ni kuvikosa kabisa, kwani ameonywa kwamba haviachwi ghafla. "Paketi ikifika nusu, naanza kuvihesabu kila usiku," anasema.

Kisha kuna mashine. Sheila, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, ndiye aliyemjulisha nayo: kidude cha betri kinachoenea kiganjani, chenye nyaya na vibandiko. Vibandiko huwekwa juu na chini ya mahali panapouma, penye ngozi nzima, na mkondo mdogo wa umeme hupita ukimtekenya. Hakitibu. Kinaupa mwili kitu kingine cha kusikiliza. Munyi alimnunulia chake, baada ya kuambiwa ni cha mgongo wa uzee.

Wawira hukivaa akichuna, kikiwa mfukoni na nyaya zimepanda ndani ya blauzi. Kathambi alidhani ni simu, akamuuliza mbona haiiti.

"Nikamwambia hii inanipigia mimi peke yangu."

Pasaka ilipokaribia, Munyi akapiga simu kusema wanakuja tena. Wawira akapanga jambo, na hakumwambia mtu. Alikuwa amegundua kwamba muda fulani baada ya kumeza kidonge cha asubuhi, mwili hutulia kidogo. Akawaza: ikiwa kimoja kinanituliza hivi, vitatu si vitaniachia nimbebe mtoto mpaka kwa ng'ombe na kurudi? Siku yenyewe, kabla hawajafika, alimeza vitatu kwa mpigo.

Walimkuta uani ameshainama, leso mkononi. Winrose anasema alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Alimlaza mtoto juu ya mgongo wa mama mkwe huku bado amemshika makwapani. Halafu akauona ule mgongo unayumba.

"Nyumba ilizunguka," Wawira anasema. "Migomba ikaenda huko, mimi nikaenda huku. Hata sikusikia maumivu. Nilisikia tu kwamba naanguka na mtoto wa watu."

Winrose alimnyakua mtoto kabla magoti ya mama mkwe hayajagonga ardhi. Mtoto akapiga yowe. Munyi alidhani mamake amelewa, mama ambaye hajawahi kuonja pombe maishani. Winrose naye, maneno aliyoyafungia tangu Desemba yakamtoka.

"Mama, kama humtaki mtoto, si ungesema?"

Hapo uji ukaisha. Akiwa amekaa chini, kichwa kikizunguka, Wawira aliwaambia yote: mkanda wa jeshi, dawa ya meno, kipimo cha damu, vidonge vitatu. Gachoki alikuwa akiangalia viatu vyake. Kisha Wawira akamgeuzia mkaza mwana mgongo na kuinua blauzi. Winrose aliyaona makovu. Akanyoosha kidole, akakisimamisha karibu na ngozi.

"Inauma hata nikigusa hivi?"

"Inauma hata ukifikiria kunigusa."

Mtu angetarajia hapo walikumbatiana mambo yakaisha. Winrose hakubali kupambiwa hadithi hivyo.

"Nilikasirika sana," anasema. "Si juu ya ugonjwa. Ugonjwa ni wa mtu yeyote. Lakini alikuwa anataka kuanguka na mtoto wangu. Nilimwambia wazi, kwa heshima: mama, huyu mtoto hutambeba mpaka huyo mtu wako wa hospitali aseme unaweza." Kisha anaongeza: "Lakini pia usiku huo nililala. Nilikuwa nimejua si mimi."

Hospitalini, Wawira alikemewa ipasavyo. Daktari alimweleza kwamba dozi ya dawa hizo haichezewi, na kwamba angeweza kulala asiamke. Sheila ndiye aliyekaa naye chini baadaye na kumuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: ukipata nafuu, unataka kufanya nini? Wawira akamjibu.

"Sikumwahidi kwamba maumivu yataisha," Sheila anasema. "Hizo neva zimeharibika, zinapigia kelele kitu kidogo kama kitambaa. Tulichoweza ni kuifundisha ngozi upya, kidogo kidogo, kwamba kuguswa si hatari. Na mtu huyo lazima akubali kusimama kabla hajashindwa. Hilo ndilo gumu kwa mama Munyi. Amezoea kumaliza mstari."

Alianza na pamba, akijipitishia ubavuni kila jioni huku akihema polepole. Ikafuata satini ya kamisi kuukuu, kisha taulo. Leso tupu ilimliza. Alipoizoea, Sheila akamwambia aweke mzigo mwepesi, pengine mchanga, na atembee nao kidogo. Mahindi yalikuwa wazo la Wawira mwenyewe.

"Mchanga ni baridi na hautulii," anasema. "Mahindi yanakaa mgongoni kama mtoto. Ukitembea yanajipanga."

Nusu kilo. Kilo moja. Mbili. Kila asubuhi vidonge kama vilivyoandikwa, mashine, pumzi, kisha mstari wa michai. Kathambi naye aliambiwa ukweli siku moja pale uani. Yeye akauliza tu kama ile mashine inaweza kusaidia goti.

Lakini upande wa pili wa mizani nako kulikuwa na mtu anayefanya bidii. Winrose, katika kutafuta njia ya kupatana, alianza kumtumia mama mkwe ujumbe kila alipotoka kliniki ya watoto: mtoto amefikisha kilo saba na nusu, mtoto amevuka nane. Hakujua alichokuwa akimfanyia. Wawira alikuwa kwenye kilo mbili.

"Nyanya gani anasikia mjukuu ameongeza uzito halafu moyo unaruka?" anauliza. "Kwa mdomo nasema Mungu asifiwe. Moyoni nasema, mtoto, pole pole. Kisha naona aibu, naomba Mungu anisamehe, nisije nikamletea mtoto njaa."

Julai, ukungu ulipokaa siku nzima bila kuinuka, neva zikachacha. Alikuwa ameshafika kilo nne, akarudi mbili. Usingizi ukapotea. Alimwambia Gachoki aache kumtajia mtoto. Mzee akaacha kumtaja, lakini kila asubuhi aliamka kabla yake, akamwashia moto na kuchemsha maji ya kuoga, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu waoane.

Sasa ni kilo tano, na mtoto amevuka tisa. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Sheila ameruhusu ajaribu, kwa masharti: asimeze zaidi ya alichoandikiwa, asiende mbali, na asiwe peke yake.

Jumamosi wanafika kabla ya saa sita. Kwa mtoto aliyetoka joto la Siakago, baridi ya huku ni kama adhabu. Amevikwa kofia, sweta na viatu vidogo vya ngozi vyenye soli ngumu. Anasimama akishika stuli, anamkazia macho nyanya yake bila kutabasamu.

"Mama, umemeza ngapi?" Winrose anauliza hata kabla ya kuketi.

"Kimoja."

Winrose anamgeukia Gachoki.

"Kimoja," mzee anathibitisha. "Nilikuwa hapo."

Wawira anabandua vibandiko, anaiweka mashine dirishani na kutoka uani. Anainama. Winrose anamlaza mtoto mgongoni, anatandaza leso juu yake, nyanya anazipokea ncha zake chini ya makwapa na kufunga. Uso wake umekuwa wa kijivu. Munyi amesimama karibu sana, mikono mbele, kama mlinda lango.

Wanaanza kwenda. "Hii ni migomba yako," Wawira anasema, na sauti yake inasikika vizuri kabisa. "Huyu wa manyoya meusi ni kuku wako, lakini ni mkali."

Jambo moja hakuna aliyelifikiria, wala Sheila. Mahindi hayapigi teke. Mtoto amemwona kuku, amefurahi, na viatu vile vya soli ngumu vinaanza kucheza juu ya mbavu za kushoto. Wawira anasimama. Kinywa kinafunguka bila sauti. Anavuta hewa kwa pua, anaitoa, anavuta tena, na pumzi haifiki popote. Mkono unakwenda kwenye fundo.

"Winrose," anaita.

Winrose ameshafika. Anapitisha mikono yote miwili chini ya matako ya mtoto na kumwinua, uzito wote unahamia kwake. Kisha kwa kiganja kimoja anakikamata kiatu cha upande wa kushoto. Leso inalegea kidogo juu ya mbavu.

"Nimtoe?"

Wawira anauondoa mkono kwenye fundo. Machozi yanateremka mpaka kidevuni.

"Usimtoe. Mshike hivyo hivyo. Twende."

Basi wanakwenda. Mbele Wawira, mgongoni Wawira, na nyuma Winrose ameinama magoti yamekunjika, akitembea kwa mwendo wa mama mkwe, wote watatu ndani ya leso moja. Wanamfikia ng'ombe. Wanafika kwenye mfereji. "Hapa ndipo tunapochota maji," nyanya anasema, na safari hii sauti inakatika katikati. Mtoto amekamata kitambaa cha kichwani cha nyanya na kukivuta kwa nguvu zote. Ng'ambo ya ua Kathambi ametua ndoo chini ili atazame vizuri.

Winrose ndiye anayefungua fundo. Wawira anaketi kwenye nyasi na kuomba mashine yake. Analia waziwazi, na akiulizwa kama ni kwa maumivu au kwa furaha, anasema hajui, na kwamba leo hataki kujua.

Mzee Gachoki anakuja na kusimama juu yao. Kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano anatangaza kwamba mambo yamekamilika, jina limekabidhiwa, watu waingie wale.

"Halijakamilika," Wawira anasema kutoka pale chini. "Hiyo ilikuwa nusu."

Anazo hesabu zake. Watarudi Krismasi. Kuanzia Jumatatu anarudi kwenye mahindi, na mfuko atauning'inizia viatu viwili kuukuu vya kumpiga mbavuni akitembea, ili azoee. Akiulizwa itakuwaje mtoto akiwa ameshaanza kutembea na kuukataa mgongo, anajibu kwamba hilo ameliwaza usiku mwingi.

"Nitangoja alale. Mtoto aliyelala hakatai, na hapigi teke."

Na Winrose je, atakuwa wapi siku hiyo?

Wawira anamtazama mkaza mwana, ambaye amesimama kando akijinyoosha mgongo kwa mikono yote miwili.

"Huyu nitamwekea kiti pale mlangoni na kikombe cha chai," anasema. "Sitaki anifuate nyuma. Nataka akae, anywe chai yake, aniangalie tu nikienda na mtoto wake."